Helmeti ya kukata upepo inachoma kichwa: tafuta chanzo kabla ya kuiuza

Lalamiko kuhusu helmeti za baiskeli za kukata upepo hapa Dodoma huwa ni lile lile: inachoma. Mtu alizoea helmeti yenye matundu ishirini na kitu, akanunua hii laini yenye matundu ya kuhesabika, akatoka nayo alfajiri kwa barabara ya Morogoro hadi Buigiri, na anapofika Ihumwa wakati wa kurudi kichwa kinawaka. Wiki inayofuata helmeti inatafutiwa mteja. Nyingi kati ya hizo zinauzwa bila kosa lolote. Chanzo kilikuwa sponji lililokatwa vibaya, au helmeti iliyosukumwa kisogoni, au upepo wa mgongoni ambao helmeti yoyote ingeshindwa nao.

Tutapita dalili moja moja, lakini tuanze na njia ya hewa, maana asiyeijua hubahatisha.

Hewa inavyopita

Chini ya ganda jembamba la plastiki kuna povu gumu la polistireni, jamii ya lile linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi. Hilo ndilo linalopokea kishindo ukianguka. Geuza helmeti uitazame ndani: utaona mifereji iliyochongwa kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, na katikati ya mifereji kuna migongo iliyoinuka. Kichwa hukaa juu ya migongo, hewa hupita mferejini. Matundu ya mbele yanaimeza, mifereji inaipitisha juu ya ngozi, matundu ya kisogoni yanaitema. Nje nako, upepo unaoteleza juu ya ganda unapunguza mgandamizo pale nyuma, kwa hiyo hewa ya ndani haisukumwi tu, inavutwa pia.

Helmeti ya matundu mengi inapumua hata ukiwa umesimama, kwa sababu joto hupanda na kutokea juu. Hii ya kukata upepo imezibwa juu kwa makusudi ili upepo usikwaruzane na kingo za matundu. Inategemea mwendo. Kwa hiyo inataka mambo matatu kwa pamoja: upepo utoke mbele, mifereji iwe wazi, na helmeti ikae mahali pake kichwani. Karibu kila dalili inayofuata maana yake ni kwamba moja kati ya hayo matatu limekosekana.

Zingatia pia joto linatoka wapi. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza robo tu, au chini ya hapo, ya nguvu inazotumia kuwa mwendo. Ukisukuma wati 200 kwenye pedali, wati 600 hadi 800 zinabaki mwilini kama joto linalotafuta pa kutokea. Na Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Upepo wa kasi ile ile unabeba joto pungufu kidogo. Sifa ulizosoma kuhusu helmeti iliyojaribiwa katika nchi ya baridi zipunguze kidogo kabla ya kuziamini. Mwaka 2011 Mark Cavendish alishinda ubingwa wa dunia mjini Copenhagen akiwa na helmeti iliyofunikwa matundu kwa plastiki, na ilimfaa: ilikuwa Septemba ya Ulaya ya kaskazini, na mbio zilikuwa za kasi mwanzo hadi mwisho. Oktoba ya Dodoma, jua la saa tano, ni habari nyingine kabisa.

"Nikienda iko poa, nikirudi inachoma"

Hapa helmeti haina kosa. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini-mashariki, na kiangazi, hasa Agosti na Septemba, unakaza. Barabara ya Morogoro inaelekea huko huko unakotoka. Sasa piga hesabu. Ukitoka mjini kwa kilomita 25 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 ukikupiga usoni, helmeti inapokea upepo wa 45. Unahisi ubaridi mpaka unasahau kunywa maji. Ukigeuza Buigiri, miguu inakuwa miepesi, unakwenda 32, lakini upepo sasa uko mgongoni: 32 kutoa 20, helmeti inapokea 12. Jua nalo limeshapanda. Kinachowachanganya wengi ni kwamba kompyuta ya baiskeli inaonyesha kasi nzuri kuliko ya asubuhi, wakati kichwa kiko kama kwenye chumba kisicho na dirisha.

Kuhakikisha, siku nyingine pita barabara ya Iringa au ya Kondoa, ambako upepo huo unakuwa wa ubavuni kwenda na kurudi. Joto likiwa sawa safari zote mbili na likavumilika, umeshajua. Likichoma pande zote mbili, ruka uende dalili inayofuata.

Tiba yake ni kupanga njia. Toka mjini na barabara ya Singida, hadi Nala au mbele zaidi kuelekea Bahi, upepo ukiwa mgongoni na hewa ya alfajiri ikiwa bado baridi, halafu rudi ukiukabili wakati jua limekuwa kali. Miguu itaumia zaidi wakati wa kurudi, hilo hatulifichi, lakini kichwa kitapoa pale kinapohitaji. Kwa mtu anayepanga mazoezi ya saa tatu kwenda juu, mabadiliko haya yana faida kuliko kununua helmeti mpya.

Kupanda mlima ni tatizo la familia hiyo hiyo. Pale baada ya Kintinku barabara inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, utakuwa kwenye kilomita 10 au 12 kwa saa kwa muda mrefu. Chini ya kilomita 15 hivi, helmeti ya kukata upepo inabaki kofia tu. Regeza gurudumu la kukazia kisogoni hatua mbili ili sponji liachane kidogo na paji la uso, kisha likaze tena kabla ya kuanza kushuka. Mkanda wa kidevu usiguswe. Ukiwa umejificha nyuma ya mwenzako, jua kwamba amekukinga na upepo wa kupoza pia; sogea kando kidogo, kama nusu mita upande upepo unakotoka, pale barabara inaporuhusu na hakuna lori nyuma.

Maji kichwani yanafanya kazi nzuri sana kiangazi kwa sababu hewa yetu ni kavu na yanayeyuka haraka. Ila kwenye ganda lililozibwa juu yatateleza tu na kuanguka barabarani. Inua uso, mimina taratibu kupitia matundu ya mbele, kiasi cha funda mbili, kisha mimina mengine shingoni nyuma. Chupa iwe ya maji matupu. Kinywaji cha sukari kikikauka kwenye sponji kinanata vumbi na kuziba.

"Inachoma muda wote, hata nikienda kasi"

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo makosa mengi yanapopatikana. Anza na feni ya nyumbani.

Vaa helmeti, ikaze kama unavyosafiri, simama nusu mita mbele ya feni ikiwa kwenye kasi ya mwisho, na inamisha kichwa kama ulivyo kwenye usukani. Mwenzako ashike kipande cha karatasi ya chooni, upana wa kidole na urefu wa sentimita 10, mbele ya kila tundu la kisogoni, kimoja kimoja. Karatasi ikipeperuka kwenda nje, mfereji huo unapitisha hewa. Ikining'inia imekufa, mfereji umezibwa. Vua helmeti, ng'oa sponji zote (piga picha kwanza ili ujue kila kimoja kinarudi wapi), vaa tena, rudia. Karatasi zikianza kucheza, mwizi wako ni sponji. Zikibaki zimelala, ni nywele, kitambaa, au mkao.

Ukitaka kuthibitisha barabarani, bandika kwa solotepu vipande vya uzi wa kushonea vya sentimita 6 kwenye ukingo wa juu wa kila tundu la nyuma. Kwenye tambarare, kwa kilomita 30 kwa saa, mwenzako aliye nyuma yako mita tano achungulie sekunde mbili tatu kisha arudishe macho barabarani. Uzi ulionyooka kwenda nyuma ni ishara nzuri. Uzi unaozunguka-zunguka au uliolala kwenye ganda unakuonyesha upande wenye shida, na mara nyingi ni upande mmoja tu.

*Sponji.* Zile za kiwandani zikichakaa, watu hukata sponji la godoro na kutandaza ndani yote, kwa nia njema ya kupata ulaini. Hapo wameziba mifereji yote kwa mkasi mmoja. Sponji la godoro pia linakunywa jasho kama kitambaa cha deki na halikauki. Ukilazimika kukata mwenyewe, tumia sponji la unene wa milimita 5, lifunike kitambaa chepesi cha jezi, na kata vipande vyembamba vinavyolala juu ya migongo peke yake, bila kuvuka mfereji hata mmoja. Vishikilie kwa velkro yenye gundi yake. Gundi ya viatu isikaribie helmeti: viyeyushaji vyake vinakula polistireni, na shimo linalobaki chini ya sponji hutaliona mpaka siku utakapoanguka. Kwa sababu hiyo hiyo, usiguse helmeti na petroli, thina wala rangi ya kupuliza.

*Mkao.* Ukingo wa mbele uwe upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huisukuma nyuma ili paji la uso lipate hewa, nao wanapata kinyume chake: matundu ya mbele yanatazama juu angani badala ya kutazama upepo, mkia unashuka kuziba shingo, na paji la uso halina kinga. Tazama wasifu wako kwenye kioo cha kabati ukiwa umeinama kama uko barabarani. Ukiwa hujainama, picha inadanganya. Kama helmeti inarudi nyuma yenyewe kila baada ya kilomita chache, kosa liko kwenye mikanda ya mbele ya masikio: ivute ifupike hadi ile klipu ya pembeni ikae chini kidogo ya ndewe ya sikio, ikiwa na umbo la V.

*Nywele.* Twende kilioni ya mistari iliyonyooka inakubaliana na helmeti hizi, kwa sababu njia za ngozi kati ya mistari zinakwenda upande ule ule na mifereji. Rasta nene zilizofungwa fundo utosini zinainua helmeti, zinaziba katikati, na zaidi ya yote zinaifanya ikae juu juu na kucheza. Fundo lishuke shingoni, chini ya gurudumu la kukazia. Wigi livuliwe. Kwa anayevaa ushungi, kitambaa kimoja cha pamba nyepesi au cha jezi, kilichovutwa bila mikunjo na bila pini, kinapitisha hewa vya kutosha. Kinachochoma ni zile tabaka mbili tatu na fundo la nyuma. Ukibadilisha msuko, pima helmeti upya kana kwamba ni ngeni.

*Kofia ya kitambaa chini ya helmeti.* Inapendeza, na kipara kinanusurika na mistari ya jua. Lakini chini ya helmeti ya kukata upepo inaweka kitambaa mahali pale pale hewa inapoingilia. Mkanda mwembamba wa paji la uso unatosha kwa jasho, na mafuta ya kukinga jua yanatosha kwa kipara.

*Wavu wa ndani wa plastiki.* Helmeti nyingi zina ule utando mwembamba, mara nyingi wa njano, wa mfumo wa MIPS uliobuniwa Sweden. Kazi yake ni kuruhusu helmeti iteleze milimita 10 hadi 15 kuzunguka kichwa wakati wa ajali ya kupiga pembeni. Matundu yake yanapaswa kulingana na mifereji. Kikichomoka kipachiko kimoja cha mpira, utando unahama na kufunika mifereji upande mmoja, na feni itakuonyesha hivyo hasa. Rudisha kipachiko kwa kukibonyeza kwa kidole gumba. Usikate utando, na usiubandike kwa gundi usitikisike, maana kutikisika ndiyo kazi yake.

Kuhusu rangi: nyeusi inapata moto ukiiacha juani, lakini povu la sentimita mbili au tatu ni kizuizi kizuri cha joto. Ukiwa unakwenda, tofauti ya nyeusi na nyeupe ni ndogo mbele ya sponji moja lililoziba mfereji. Chagua nyeupe kwa sababu dereva wa basi anakuona mapema.

"Inauma paji la uso" au "inabana pembeni"

Vaa kwa dakika 45, kisha vua na usome alama. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo pitisha ncha ya kidole taratibu na utafute bonde. Bonde moja pana, la kina sawa kutoka upande hadi upande, ni kukaza kupita kiasi tu: regeza. Bonde katikati ya paji la uso na jingine kisogoni, huku pembeni kuna nafasi ya kuingiza kidole, maana yake helmeti ni ya duara na kichwa chako ni kirefu. Mabonde mawili juu ya masikio huku mbele na nyuma pana pengo, ni kinyume chake. Hizi mbili za mwisho hazitibiki kwa gurudumu. Sponji nyembamba zaidi pale panapouma (milimita 3 badala ya 6) na nene pale penye pengo zinasaidia kwa tofauti ndogo. Tofauti ikiwa kubwa, badilisha aina ya helmeti. Kuchonga povu kwa kisu au kulikandamiza kwa kijiko ni kuharibu kinga, hata kama ni kidogo, hata kama fundi anasema haina neno.

Kipimo cha mzingo kichukuliwe kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 2 juu ya nyusi na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Helmeti nyingi hugawanywa kama 51 hadi 55, 55 hadi 59, na 59 hadi 63, lakini soma kibandiko cha ndani. Ukiwa na 58 na gurudumu limezungushwa mpaka mwisho ndipo helmeti inashika, umevaa kubwa. Kubwa ina kosa la pili ambalo watu hawaliwazi: hewa inapita kwenye pengo la pembeni badala ya mferejini, kwa hiyo inauma na inachoma kwa pamoja.

Kichwa kikiuma nyuma ya masikio, angalia mikono ya miwani. Kwenye helmeti za kukata upepo ganda linashuka chini zaidi na kuikandamiza. Mikono ya miwani ipite nje ya mikanda, siyo chini yake, na uteremshe fremu ya kisogoni hatua moja. Nyingi zina hatua tatu hadi tano.

"Jasho linaingia machoni"

Angalia msimu kwanza. Mei hadi Novemba hewa ni kavu na jasho linayeyuka kabla hujaliona, unabaki na chumvi nyeupe kwenye mikanda. Desemba hadi Aprili, mvua zikiwepo, jasho halina pa kwenda na linatiririka. Sponji la mbele likishashiba, tone linalofuata linashukia jichoni, na kwa kawaida linashuka ukiinama kwenye taa.

Ukiwa barabarani, kila dakika kumi na tano hivi bonyeza helmeti kwa kiganja kwenye paji la uso huku umeinamisha kichwa pembeni. Sponji litajikamua upande wa shavu. Nyumbani, weka sponji mbili za mbele na uzibadilishe kwa zamu. Mkanda wa paji la uso wenye mstari mwembamba wa silikoni unaelekeza jasho pembeni, na tunaupenda kuliko sponji nene, ambalo linahifadhi tu jasho jingi zaidi la kukumwagikia kwa mkupuo.

Vumbi, na gurudumu lililokwama

Vumbi jekundu likichanganyika na jasho linakuwa tope laini, linakauka kama plasta. Linaingia kwenye velkro, sponji zinaanza kudondoka. Linaingia kwenye gurudumu la kukazia, nalo linakwama au linateleza bila kukaza. Baada ya kila safari mbili au tatu za kiangazi:

Ng'oa sponji, zifue kwa mkono kwa shampuu kidogo, zikamue ndani ya taulo bila kuzinyonga. Helmeti ioshwe kwa maji ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto, si zaidi. Gurudumu lizungushe huku maji yakilipitia, kwenda na kurudi mara ishirini, hadi maji yatoke meupe. Usitie mafuta, yanakamata vumbi la kesho. Velkro ichambue kwa mswaki mkavu wa zamani. Mikanda iliyokakamaa kwa chumvi iloweke dakika kumi, la sivyo itachubua kidevu. Dawa ya kung'arisha nguo isitumike kabisa. Anika kivulini palipo na upepo. Kwenye hewa ya Agosti inakauka kabla ya magharibi.

Helmeti zenye kilango cha kufungua na kufunga matundu zinahitaji mswaki huo huo kwenye reli ya kilango. Kikikwama kimefungwa, umerudi kwenye dalili ya "inachoma muda wote".

Mlio, na kuyumba kwenye upepo wa ubavuni

Mluzi mkali wa sauti moja huwa ni ukingo wa tundu au mkanda unaotetemeka. Sokota mkanda mara moja chini ya klipu. Mlio ukibadilika, umeupata. Ngurumo nzito masikioni ni upepo kwenye mikanda iliyoachana na shavu, na inapungua ukiinyoosha ilale bapa. Helmeti inayovutwa pembeni kila lori linapopishana nawe barabara ya Iringa imelegea. Ikaze kisha ifanyie kipimo cha kutikisa: shika helmeti, ipeleke kulia na kushoto. Ngozi ya paji la uso ifuatane nayo.

Nyuki

Nyuki akiingia kupitia tundu la mbele, usipige helmeti. Punguza mwendo, simama, fungua klipu, vua. Wavu wa kuzuia wadudu ni mzuri ukiwa na macho ya milimita 3 au 4. Kipande cha chandarua cha mbu, ambacho ndicho kilicho karibu, kina macho madogo mno. Kinazuia hewa, na baada ya wiki moja ya vumbi kinakuwa ukuta.

Kioo cha helmeti kinaingia ukungu

Hutokea alfajiri za Juni na Julai, joto likiwa chini ya nyuzi 15, ukisimama kwenye makutano. Kisogeze mbele kidogo au kinyanyue mpaka uanze kwenda. Vumbi lisifutwe kwa kitambaa kikavu, suuza kwanza. Anayeshindana ajue kwamba UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, kuanzia 1 Januari 2026, haikubali helmeti zenye kioo wala zinazofunika masikio kwenye mbio za barabarani za kuanza pamoja. Zimebaki za mbio za kukimbizana na saa.

Kero iliyoanza ghafla

Helmeti iliyokaa vizuri miezi sita, leo inauma sehemu moja. Je, ilianguka? Uliigonga? Iliachwa ndani ya gari? Gari lililofungwa na kuegeshwa juani hapa Dodoma linaweza kuvuka nyuzi 60 juu ya dashibodi, na joto hilo likirudia-rudia linapinda ganda na kuliachanisha na povu. Tafuta malengelenge kwenye plastiki. Ng'oa sponji, elekeza tochi ya simu pembeni, tafuta mstari mwembamba kwenye povu; kandamiza taratibu kwa viganja viwili na usikilize kama inalia. Ikilia au ukiona ufa, hiyo imemaliza kazi. Ikate mikanda ili mwingine asiiokote na kuivaa.

Ukaguzi huo huo ndio wa kufanya kwenye helmeti za mitumba. Ongeza tarehe ya kutengenezwa, ambayo iko kwenye kibandiko cha ndani, na alama ya kiwango: EN 1078 ya Ulaya, CPSC ya Marekani, au AS/NZS 2063 ya Australia na New Zealand. Watengenezaji wengi wanapendekeza kubadilisha kila miaka mitatu hadi mitano. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, iache hapo hapo hata kwa bei ya kutupa.

Dalili zisizo za helmeti

Baridi ya ghafla na vinyweleo kusimama wakati jua ni kali, kichefuchefu, kuyumba, kujibu maswali hovyo: hilo ni joto la mwili mzima. Shuka, kaa kivulini, vua helmeti na jezi, mwagiwa maji kichwani, shingoni na kwapani huku mtu akipepea. Aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali akiendelea kupozwa njiani, hata kama bado anatoka jasho. Kuendelea polepole hadi mjini si tiba.

Na kama umeshapima yote

Karatasi zinapeperuka, alama ziko sawa, upepo unatoka mbele, na bado inachoma. Basi helmeti hiyo haikuendani na safari zako. Wastani wako ukiwa chini ya kilomita 25 kwa saa, au njia zako nyingi ni za kupanda kama zile za Kondoa, tunashauri bila kusita uvae ya matundu mengi; kwa mwendo huo faida ya kukata upepo ni ndogo sana na joto ni la hakika. Anayekwenda 35 na kuendelea kwenye tambarare ana sababu ya kuivumilia. Ukinunua nyingine, nenda dukani na tepu, karatasi ya chooni na miwani yako, nywele zikiwa kwenye msuko unaosafiri nao, na uombe feni.